Angeweza, Angefanya, na Mfuko Uliojaa Tope Jeusi

Tulikuwa tumeomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa mfuko tuliouvisha anodi (sahani ya upande chanya wa umeme) ya titani kwenye seli ya kuvunia shaba. Barua ya mkaguzi wa hataza ilikuwa na kurasa nne. Tatu sikuwa na shida nazo. Iliyotumaliza ni aya moja ya ukurasa wa pili, ambayo mpaka leo naijua kwa ghibu. Hati ya kwanza, ya watu waliotutangulia, inaonyesha anodi ya titani iliyopakwa oksidi, inayotumika kuvuna shaba kwa umeme. Hati ya pili inaonyesha mfuko wa kitambaa unaovishwa anodi ya kuvunia nikeli ili ukungu wa asidi unyonywe kabla haujasambaa. Mtaalamu wa kawaida wa fani, akisumbuliwa na ukungu wa asidi kwenye seli ya shaba, angeuchukua mfuko wa hati ya pili akauvisha anodi ya hati ya kwanza. Dai la 1, yaani sentensi inayosema tunadai nini, ni jambo la wazi. Halina hatua ya uvumbuzi.

Mwaka mmoja na nusu wa kazi, umefungwa kwa sentensi tano. Niliisoma barua ile nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamwambia mwenzangu kwamba mtu huyu hajawahi kunusa seli ya shaba maishani mwake. Huenda ni kweli. Lakini hilo halikuwa jibu la kisheria, na ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba jibu la kisheria sikuwa nalo kabisa.

Niieleze kwanza seli yenyewe, maana ugomvi wote umo humo. Unakuwa na tangi refu lenye mmumunyo wa salfeti ya shaba na asidi ya salfuriki, vuguvugu, kama nyuzi 45 za Selsiasi. Ndani yake zinaning'inia sahani kwa zamu, anodi, kathodi, anodi, kathodi, zikiachana kwa sentimita chache tu. Unapitisha umeme, kwa kawaida kama ampea 300 kwa kila mita ya mraba. Kwenye kathodi, ile sahani ya upande hasi, shaba hujijenga tabaka juu ya tabaka. Kwenye anodi maji huvunjika, oksijeni ikatoka kwa viputo vidogo mno. Viputo hivyo ndivyo vyenye ukorofi. Kila kimoja kikifika juu hupasuka, na kikipasuka hurusha tone la asidi dogo kiasi cha kuelea hewani. Zidisha kwa idadi ya viputo vya tangi zima, kisha kwa matangi yote yaliyojipanga chini ya paa moja, utapata ukungu unaowasha koo, unaotoboa mabati na kumomonyoa meno ya wanaofanya kazi humo. Wenye viwanda hufunika uso wa tangi kwa mipira midogo ya plastiki, humwaga dawa za kuleta povu, hujenga vifuniko vya kunyonya hewa. Vyote vinasaidia, ila hakuna kinachomaliza.

Anodi kwa miaka mingi imekuwa ya risasi iliyochanganywa na kalsiamu na bati kidogo. Inavumilia, lakini inakula umeme mwingi, na hulika polepole mpaka chembe za risasi zinaingia kwenye shaba. Titani iliyopakwa oksidi za metali za thamani ilitoka kwenye viwanda vya klorini, ambako Henri Beer aliianzisha miaka ya 1960, na inaokoa sehemu nzuri ya volti. Mfuko juu ya anodi nao ni jambo la zamani kwa watu wa nikeli. Kwa hiyo vipande vyetu vyote viwili vilikuwa vinajulikana. Hilo hatukulikana hata siku moja.

Wengi hudhani, nami nilidhani, kwamba kesi za namna hii huamuliwa kwa kuuliza kama vipande vilikuwepo. Vipande huwepo karibu kila mara. Uvumbuzi unaotokana na kitu ambacho ulimwengu haujawahi kukiona ni nadra kama maziwa ya kuku. Ndiyo maana sheria ina maswali mawili tofauti. La kwanza ni la upya: je, ipo hati moja, peke yake, yenye kila kitu ulichodai? Hapo tulipita bila jasho. La pili linaruhusu kuunganisha: ukichukua hati mbili au tatu, je, mtaalamu wa kawaida angeona muungano huo ni jambo la wazi siku ile ulipowasilisha ombi?

Swali hili la pili lina umri mkubwa. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza ya kitasa cha mlango katika kesi ya Hotchkiss v. Greenwood. Umbo la kitasa lilikuwa la zamani, namna ya kukifunga ilikuwa ya zamani, na udongo wa kauri ulikuwa wa zamani. Kilichokuwa kipya ni kutumia udongo pale palipokuwa mbao au metali. Mahakama ikasema hapo hakuna zaidi ya ustadi wa fundi yeyote anayeijua kazi yake. Waingereza mwaka 1890, katika Williams v Nye, waliiangusha hataza ya mashine iliyounganisha kusaga nyama na kuishindilia kwenye soseji: sehemu mbili za zamani, kila moja ikifanya kazi yake ya zamani, zimewekwa tu kwenye fremu moja. Marekani ikaja kuliandika sharti hilo kwenye sheria mwaka 1952, kifungu cha 103.

Ulaya wana namna yao ya kuuliza, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Bodi za rufaa za Ofisi ya Hataza ya Ulaya, tangu uamuzi T 2/83 wa mwaka 1984, hutenganisha kilichowezekana na kilichotarajiwa. Haitoshi kwamba mtaalamu angeweza kuunganisha hati hizo mbili. Swali ni kama angefanya hivyo, akiwa na sababu ya kufanya na matumaini ya kufaulu. Kwenye Kiswahili maneno yote mawili yanabeba -nge- ileile, ndiyo maana ni rahisi kuyachanganya. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa sheria ningesema angalifanya, kwa -ngali-, kwa sababu swali linaulizwa kuhusu siku iliyokwisha kupita na mtu ambaye bado hajaliona jibu lako. Mkaguzi ameshaliona. Kitendawili kikishateguliwa, kila aliyepo hujiona alikuwa na jibu mdomoni.

Wakili aliyekuwa akitusaidia alitupa kesi moja tukaisome kabla ya kujibu chochote. Ni United States v. Adams, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1966. Si kesi ya kuvuna metali. Ni ya betri, yaani seli hiyohiyo inayokimbia upande wa pili. Niliisoma usiku mmoja, na siku iliyofuata nikaanza kuona aibu juu ya ombi letu.

Adams alitengeneza betri ya magnesi upande mmoja na kloridi ya shaba upande mwingine, ikihifadhiwa kavu, na ikifika wakati wa kutumika unaongeza maji. Maji ya kawaida au ya chumvi yalitosha. Serikali ya Marekani iliitumia bila kumlipa, na alipoishtaki ikajitetea hivi: magnesi kama elektrodi inajulikana, ilishachukua nafasi ya zinki kwenye seli nyingine. Kloridi ya shaba nayo inajulikana, ilishatajwa badala ya kloridi ya fedha. Chukua hii, chukua ile, hiyo hapo betri ya Adams. Ukiisoma hoja hiyo ilivyoandikwa, haina kasoro. Ni aya ya mkaguzi wetu iliyobadilishwa metali.

Mahakama ikaikataa, na namna ilivyoikataa ndiyo somo. Kwanza, iliangalia mambo ambayo mtaalamu wa siku zile alikuwa akiyajua na kuyaogopa: betri inayoendelea kuungua ndani kwa ndani hata isipotoa umeme, na inayopata joto, ilihesabiwa haifai, na betri za maji zilizofanikiwa zilitegemea elektroliti, yaani vimiminika vya kupitisha umeme, ambazo huidhuru magnesi. Betri ya Adams ilikuwa na tabia hizo za kutisha. Mtu wa kawaida wa fani angeligeuza uso. Pili, matokeo yalikuwa ya kushangaza, betri ikitoa volti na umeme bila kuyumba. Tatu, na hii ndiyo niliyoipigia mstari, Adams alipowapelekea jeshi, wataalamu wa serikali yenyewe hawakuamini kwamba inafanya kazi. Walikuja kuikubali baadaye. Sasa serikali ileile inasimama mahakamani kusema ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Baada ya kusoma hayo nilijiuliza: sisi tuna nini cha kufanana na hicho? Nani aliogopa? Nani alicheka? Nini kilishindikana kwanza? Kwenye maandishi ya ombi letu hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumeandika kama watu waliotoka kitandani asubuhi, wakauvisha mfuko anodi, wakafurahi.

Na tangu 2007 mambo yalikuwa yamekuwa magumu zaidi kwa waombaji. Katika KSR v. Teleflex, kesi ya pedali ya gari iliyounganishwa na kihisi cha kielektroniki, Mahakama ya Juu ilizilegeza kanuni ambazo mahakama ya rufaa ilikuwa imezikaza. Kabla ya hapo mwombaji aliweza kujificha nyuma ya swali la wapi palipoandikwa kwamba hati hizi ziunganishwe. Jaji Kennedy akasema mtaalamu wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia, si mashine. Anaweza kupachika hati kama mtu anayepanga vipande vya fumbo. Ikiwa muungano unatoa tu matokeo yanayotabirika, kila kipande kikifanya kazi yake ileile, basi ni wa wazi. Sioni ubaya kwenye hukumu hiyo. Imezuia hataza nyingi za kipuuzi. Lakini ndani ya seli ya umeme neno "yanayotabirika" lina mtego, kwa sababu humo hakuna kipande kinachofanya kazi peke yake. Ukibadili anodi umebadili volti, joto, viputo, uchafu unaojikusanya na hata sura ya shaba kwenye kathodi. Mashine ya soseji haina tabia hiyo.

Mfano mzuri kuliko yote ni alumini, na natamani ungesimuliwa zaidi kwa wanaosomea uhandisi. Alumina, yaani oksidi ya alumini, peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Kriolaiti, madini ya jamii ya chumvi, huyeyuka karibu nyuzi 1,000. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall kule Oberlin, Ohio, na Paul Héroult kule Ufaransa, wote wa mwaka 1863, waligundua kwamba alumina humumunyika kwenye kriolaiti iliyoyeyuka kama chumvi kwenye maji, na umeme ukipitishwa alumini inajikusanya chini. Alumina ilijulikana. Kriolaiti ilijulikana. Kutenganisha metali kwa umeme kulijulikana tangu Humphry Davy alipotoa potasiamu kwenye potashi mwaka 1807. Mkaguzi wetu angemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

Hall mwenyewe hakufika moja kwa moja. Majaribio yake ya kwanza aliyafanya kwenye chungu cha udongo, na kilichotoka kilikuwa kitu cha kijivu kisicho alumini, kwa sababu chumvi ile kali iliyeyusha silika ya udongo ikaingia kwenye mchanganyiko. Akakivisha chungu kaboni kwa ndani. Tarehe 23 Februari 1886 akapata vitone vyeupe vya metali. Héroult alikuwa ametangulia kuwasilisha ombi, lakini sheria ya Marekani wakati ule ilimpa haki aliyevumbua kwanza, na Hall aliweza kuithibitisha tarehe yake kwa barua alizomwandikia kaka yake George na kwa ushahidi wa watu wa nyumbani, dada yake Julia akiwemo. Nataka ulitazame hilo kwa makini: chungu cha udongo kilichoharibika na barua za kifamilia vilikuwa na uzito kuliko ufasaha wa wakili.

Kisha zikaja kesi. Kampuni ya Cowles, ambayo Hall aliwahi kuifanyia kazi kwa muda, ilianza kutengeneza alumini safi, kampuni ya Hall ikashtaki. Upande wa utetezi ukawaleta watangulizi, Mfaransa Henri Sainte-Claire Deville akiwa mbele, kuonyesha kwamba Hall aliokota vilivyokwisha kuwepo. Mwaka 1893 Jaji William Howard Taft, yule aliyekuja kuwa Rais, aliwapa ushindi upande wa Hall. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini Cowles walikuwa na haki za mvumbuzi mwingine, Charles Bradley, aliyewasilisha ombi mwaka 1883: umeme uleule unaotenganisha metali ndio utoe pia joto la kuweka madini katika hali ya kimiminika, bila tanuru la nje. Na kiwandani, seli kubwa za Hall zilikuwa zikifanya hivyohivyo. Mwaka 1903 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba hataza ya Bradley ni halali na imevunjwa. Pande zote mbili zikalazimika kuelewana, kila mmoja akiwa ameshika ufunguo wa mlango wa mwenzake.

Sehemu ya Bradley ndiyo inayonikosesha usingizi. Davy alipopitisha umeme kwenye potashi, umeme uleule ndio ulioiyeyusha. Hiyo ni 1807. Ukiniuliza mimi leo, nikiwa na viwango vya KSR mkononi, kama kulichukua wazo hilo na kulitia kwenye tangi kubwa ni uvumbuzi, nitasema kwa shida sana kwamba ndiyo. Tone moja juu ya sahani ya platini si tani za chumvi zinazotakiwa zisigande usiku na mchana. Lakini ningekuwa wakili wa upande wa pili ningeweza kukushawishi vinginevyo kwa nusu saa.

Turudi kwenye mfuko wetu. Jibu letu la kwanza kwa mkaguzi lilikuwa kwamba nikeli si shaba. Ni kweli, na ni dhaifu. Aliyeko kwenye shaba anasoma mambo ya nikeli, kama alivyosoma ya zinki. Kathodi za kudumu za chuma kisichoshika kutu, zinazotumika leo kwenye shaba dunia nzima, zilianza Townsville, Australia, mwaka 1978 baada ya watu wa shaba kutazama jinsi wenzao wa zinki walivyokuwa wakibandua metali kwenye sahani za alumini na kuzirudisha tangini. Majirani hawa wanachunguliana kila siku. Mkaguzi alitujibu hivyo hivyo, kwa adabu zaidi.

Tukaomba mazungumzo kwa simu. Nilitegemea sauti ya mtu mkali. Alikuwa mpole, na alikuwa ameisoma kazi yetu kuliko nilivyodhani.

"Kwenye mchoro wa tatu," alisema, "mfuko wenu uko wazi kwa chini. Hati ya nikeli umefungwa. Kwa nini?"

"Ukiufunga unaziba."

"Unaziba na nini?"

"Manganisi. Elektroliti yetu ina manganisi. Inajitenga kwenye anodi ikawa oksidi nyeusi, inadondoka, inajaa mfukoni."

"Mlijaribu kuufunga?"

"Wiki sita."

Kimya kidogo. "Mbona hamkuandika?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliikumbuka vizuri ile mifuko. Tuliivua mmoja baada ya mwingine, mizito kama soksi zilizojaa matope, tope jeusi lenye kung'aa linalotia doa kila linapogusa. Volti ya seli ilikuwa ikianza chini, karibu 1.7, halafu kila siku ikipanda kidogo, mpaka ikavuka 2 na faida yote ya titani ikawa imeliwa. Tulibadili kitambaa mara tatu. Tulikaribia kuacha. Siku tulipokata mshono wa chini hatukuwa na nadharia yoyote, tulikuwa tunataka tu kumwaga tope bila kusimamisha seli. Kilichotushangaza ni kwamba ukungu haukurudi. Viputo hupanda, tope hushuka, kila kimoja na njia yake. Na haya yote hatukuyaandika kwa sababu tuliona aibu. Tulitaka ombi lionekane safi, kama kazi ya watu wanaojua wanachofanya.

Unaona sasa tulivyojinyonga. Kwa kuficha wiki sita za kushindwa tulikuwa tumemwandikia mkaguzi hoja yake. Tuliposema muungano ulikwenda vizuri tangu siku ya kwanza, alituamini.

Wakili alisema bado kuna nafasi. Maelezo ya ombi hayawezi kuongezwa kitu kipya baada ya kuwasilishwa, ila hati ya kiapo yenye ushahidi wa majaribio inaweza kuambatanishwa kwenye jibu. Tukaanza kutafuta kumbukumbu. Nyingi zilikuwa karatasi za kusomea mita, bila jina, bila tarehe, nyingine nimezikunja mwenyewe kuwekea chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Zilizookoka ni kurasa kumi na moja, na hizo ziliokoka kwa sababu kijana mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na tabia ya kuandika saa, tarehe na malalamiko pembeni. Ukurasa mmoja ulisema: "Volti 2.1. Mfuko umejaa tena. Nimechoka na mfuko huu." Wakili aliushika ule ukurasa kama mtu aliyeokota noti.

Dai la 1 lilipotea hata hivyo. Mkaguzi alikubali dai dogo: mfuko wazi kwa chini, urefu wake chini ya ukingo wa anodi usizidi kiasi fulani, elektroliti yenye manganisi juu ya kiwango fulani, anodi ya titani na si nyingine. Tulipewa hataza. Ilikuwa finyu kiasi kwamba mtu yeyote mwenye mkasi na sentimita mbili za ziada angeikwepa. Tuliilipia ada ya miaka mitatu, mwaka wa nne tukaiacha ikafa.

Ile karatasi ya zamu ya usiku ninayo bado. Kwenye kona ya chini ina alama ya kidole, nyeusi, ya oksidi ya manganisi, na haijafifia.